Kigelegele ya Pili

Wiki iliyopita nilikuwa Kinindo, mtaa wa matajiri, kwa arusi ya binti ya Aziza, na mi ndo nilikuwa nashika mikro. Ndiyo kazi yangu siku hizi: kusukuma bibi-arusi mpaka kwa keki, kuchekesha wakwe wenye hawapendane, kuzuia wajomba wasirudi mara ya pili kwa brosheti, ile mishikaki ya nyama. Kinindo ni watu wenye viti vyao vinavaa nguo nyeupe kuliko bibi-arusi mwenyewe, na wakipiga makofi wanapiga kwa vidole, kama wanaogopa saa itatoka mukononi. Nikawaambia, "Wamama, kwetu mutoto hatoke bila vigelegele." Wakaangaliana. Moja akakohoa. Halafu nyuma kabisa, karibu na mulango wa jikoni, sauti ya mwanamuke muzee ikapasua hewa kwa kigelegele, na Aziza, mama ya bibi-arusi, mwanamuke wa heshima mwenye alikuwa amejipamba dhahabu kama dirisha ya duka, akaninyanganya mikro akasema mbele ya watu wote, "Rama, ngoja ya pili!" Tukacheka sisi wawili peke yetu mpaka poda yake ikaharibika. Wageni walifikiri tumekunywa. Walikuwa hawajue kama yale maneno iko na mwenyewe, na mwenyewe tulimuzika kabla ya mvua kuanza. Basi nikarudi nyumbani na mwaka mumoja wa zamani, nzima, kichwani, nikasema niuandike. Familia yangu nitairuka. Walikuwa wazuri, walikuwa mingi, na kila mumoja iko na mudomo wake, atajieleza.

Ule mwaka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliacha darasa la sita, au tuseme shule iliniacha mi, tuliachana bila kugombana. Nilikuwa naishi Jabe, mtaa wa watu wa soko hapa Bujumbura, na nilikuwa mu kikundi cha michezo, tulikuwa tunafanya mazoezi nyuma ya garaji, katikati ya magurudumu ya zamani na harufu ya mafuta. Muchezo wetu wenye watu walikuwa wanaupenda ulikuwa wa posa. Familia ya kijana inakuja kuomba musichana, wazee wanaongea kwa mafumbo, wanakataliwa, wanaomba tena, wanaitwa wevi, wanacheka, na mwisho kabisa mama ya musichana anasimama anauliza wamama wenye wamekaa mu sale, pale ukumbini, "Mutoto wangu atoke?" Wale wamama wa kweli, wauza samaki wadogo wa ndagala na wauza nyanya, wanapiga vigelegele, na bibi-arusi anatoka. Mu kikundi hakukuwa mwanamuke hata moja. Wababa wa Jabe walikuwa wanakubali binti akae soko nzima katikati ya wanaume wenye kupiga kelele, lakini jukwaani, apana, pale ataharibika. Ndo maana vigelegele tulikuwa tunaomba kwa watu, kama vile mutu anaomba moto kwa jirani. Bibi-arusi nilikuwa mi: murefu kama nguzo ya umeme, nimefunikwa kanga toka kichwa mpaka magoti, na chini yake miguu yenye hata Mungu alishangaa kama ni yeye aliitengeneza. Bibi-arusi hana neno la kusema. Kila mutu mwenye ananijua anajua ile ilikuwa azabu.

Mama ya bibi-arusi alikuwa Muzee Sefu. Kwa jukwaa jina lake lilikuwa Mama Zubeda, na kusema kweli hata sokoni watu mingi walikuwa wanamuita vile. Alikuwa fundi wa nguo, mufupi, mweusi, na mikono midogo yenye ilikuwa inaongea mbele ya mudomo. Hakuwa anaiga wanawake ile namna sisi vijana tuliiga, na sauti ya paka na matako ya kukopa. Alikuwa anakaa tu. Anaweka kitenge sawa kwa goti, anapumua, na palepale unaona mama yako, siku yenye umerudi bila yale maziwa alikutuma.

Chumba chake nakikumbuka kuliko chumba chenye nililala jana. Kilikuwa na mashini ya kushona kwa dirisha, rido, pazia ya maua, kwa wamama wenye kupima nguo, na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa na vitambaa vya wateja, vimekunjwa vizuri, mpaka juu. Kila siku nilipita pale nilikuta vile vitambaa havijagusika, na mi, mwerevu wa Jabe nzima, ilinichukua miezi kujiuliza mupangaji alikuwa analala wapi. Maana kulikuwa mupangaji mu kile chumba. Jina lake Fundi Bosco, makanika, Mukristo, mukubwa kama kabati, mutu wa maneno kidogo. Muzee Sefu alikuwa anasemaka, "Huyu ni mupangaji wangu," na watu wanaitikia, "Karibu, mupangaji." Mupangaji wa miaka na miaka, mwenye kupiga pasi kanzu ya mwenye nyumba siku ya Ijumaa, na mwenye nyumba anamupikia nyama siku ya Noeli. Saa ya kula walikuwa wananikatia nafasi kwa mukeka. Samaki mukeke ya kukaanga, majani ya lengalenga, ugali wa muhogo, na Fundi Bosco anatoa miba ya samaki kwa vidole vyake vyenye grisi ya miaka kumi, anasukuma nyama safi upande wa Muzee bila kumuangalia. Hakuna mutu Jabe alisema kitu. Na mi kwa ujinga wangu nilifikiri kama watu hawaseme, basi hawajue.

"Muzee, kazi ya kuwa mama ulijifunza wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa mapadri."

Ndizi ilinipalia. Akaeleza, huku mguu unakanyaga mashini. Alisoma shule ya misheni, ya wavulana tupu, na Noeli ilipokaribia padri akatafuta nani atakuwa Bikira Maria. Akaangalia safu nzima, akaona Sefu, mutoto wa Kiislamu, na macho yake makubwa. "Nikamwambia, 'Padri, mi naswali.' Akasema, 'Vizuri, na Maria alikuwa anasali.' Nikavaa shuka ya buluu. Wamama wa parokia wakalia, Rama, wakalia machozi ya kweli. Kesho yake njiani nilitembea vilevile, kidogo tu, nijaribu, na watoto wakanitupia mawe. Siku ile nikaelewa. Juu ya mbao tatu mutu anakupigia magoti, chini ya zile mbao anaokota jiwe. Mutu ni yule yule. Nikasema basi, mi nitatafuta mbao."

Mutu mwingine mwenye alikuwa anakula pale ni Eloi. Eloi alikuwa anatoka Gasenyi kwa baskeli, alikuwa anasoma chuo kikuu, mambo ya vitabu na michezo, na mu kikundi alikuwa bwana-arusi wangu. Alikuwa na tabia ya kusafisha miwani kila akisema uongo. Yeye ndo alituambia kama Ulaya ya zamani, mbele ya wafalme, wanawake wote wa jukwaani walikuwa vijana wa kiume, na Japani kulikuwa wanaume wenye walifundishwa toka utoto kuwa wanawake wa jukwaa, na baba anaachia mwana wake ile kazi kama shamba. Na kila mahali, akasema, kulikuwa wale wenye walikuwa wanacheza tu, na wale wenye jukwaa ilikuwa mahali pekee pa kupumua, na wafalme hawakuuliza nani ni nani. Muzee Sefu alisimamisha mashini. "Kwa hiyo ni Ulaya, Japani, na Jabe," akasema. Akafikiri kidogo. "Wale wengine walikuwa wanalipwa?" Fundi Bosco akacheka, mara ya kwanza namusikia anacheka, mpaka vikombe vikatikisika. Eloi alikuwa ananiangalia mi. Nikaangalia miguu yangu.

Halafu kikundi kikapata kiongozi mupya. Donati, tulikuwa tunamuita Shefu, mutu wa shati yenye mifuko mingi na kalamu mu kila mufuko. Hakuwa mubaya, nataka niseme hivyo. Alikuwa anataka tutoke nyuma ya garaji, tucheze mu sale ya kartie, ukumbi wa mtaa wote, siku ya Idi, na alikuwa anasema wanawake lazima wachezwe na wanawake, na pale hakukosea, alienda mwenyewe kuongea na baba ya yule Aziza wa arusi mara nyingi mpaka huyo baba akachoka akakubali binti apande jukwaani. Lakini jioni moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa garaji nakula karanga, na upande wa pili Shefu alikuwa anaongea na wazee wa kamati.

"Na Rama?" mumoja akauliza.

"Rama abaki. Rama ni muchekeshaji. Anavaa kanga, watu wanacheka, anavua, imekwisha. Lakini Sefu akivaa, havue. Munaelewa? Hata akivua, havue. Watu wanaongea."

Niliacha kutafuna. Ile karanga ilikaa mudomoni kama changarawe. Nilielewa sheria yao yote kwa mara moja: unaruhusiwa kuwa mwanamuke jukwaani kama unadanganya. Ukionekana kama unasema kweli, toka. Na pale nyuma ya ukuta nilijua kama mi pia sivue. Siku zote nilikuwa nacheka kwanza, ili watu wasipate nafasi ya kuangalia. Sasa walikuwa wanamufukuza mutu wa pekee mwenye alinionyesha kama unaweza kuzeeka vile, ukawa na mashini yako, mupangaji wako, na samaki bila miba. Kama Muzee Sefu hakuwa na nafasi, mi nilikuwa nakua nielekee wapi?

Muzee alipoambiwa alirudisha kitenge cha Mama Zubeda kwa kikundi, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Na wiki yenye ilifuata, nani anabisha hodi kwake? Aziza. Alikuwa na miaka ishirini, anauza vitambaa sokoni na kaka yake, na sauti yenye inavuka barabara bila kuangalia magari. Akapiga magoti pale kwa mulango. "Baba Sefu, wamenipa nafasi yako na mi sikuiomba. Naogopa. Kila nikisema neno lako nasikia kama naiba."

Muzee akakata uzi kwa meno. "Unaogopa wanaume mu sale?"

"Apana. Naogopa wamama."

"Basi uko na akili. Kaa. Apana vile, ile ni kukaa kwa musichana. Mama hakae kwa kiti, kiti ndo kinakuja kwake."

Toka siku ile alitufundisha sisi wawili, mi na Aziza, kati ya mashini na kile kitanda cha vitambaa. Namna ya kucheka na bega. Namna ya kukataa chai yenye unaitaka. Na mi akanifundisha kutoka. Nilikuwa na haraka, kigelegele ikilia tu ninaruka kama mbuzi imefunguliwa. "Kijana, we ni bibi-arusi ama gari ya moto? Ngoja ya pili. Kigelegele ya kwanza ni tabia, mwanamuke yeyote anapiga, hata kwa kuku ya jirani. Ya pili ndo wanapiga kwa sababu wanakutaka. Kama hawakutaki, we baki kule nyuma uzeeke."

Ikafika Idi. Saa ya alasiri, sale ya kartie imejaa, watoto kwa madirisha, joto kama ndani ya sufuria, na kila mutu ananuka pilau na manukato. Mabenchi ya mbele yalikuwa ya wamama wa soko ya Jabe, nguo mupya, mikono yenye hina, na katikati yao Mama Asha, muuza ndagala, mwanamuke mwenye hata polisi wanamuamkia kwanza. Benchi ya tatu, upande wa ukuta, alikaa Muzee Sefu, kanzu na kofia, mikono juu ya magoti kama mutu anangoja daktari. Aziza ndo alimuomba aje. Fundi Bosco alikuwa pembeni yake, shati ya arusi, anajaza benchi.

Muchezo ulianza vizuri. Wazee wakadanganyana, Eloi akaitwa mwizi wa mbuzi, watu wakacheka. Aziza alicheza, nawaambia, kiti kilikuja kwake. Mi nilikuwa nyuma ya rido, chini ya kanga, naona vidole vyangu tu. Nikasikia anasimama. Anapumua. "Wamama! Mutoto wangu atoke?"

Kimya.

Si kimya ya watu wamesahau. Nilisikia mutoto mumoja anauliza kitu na mama yake anamufinya. Aziza akauliza tena. Kimya. Shefu akanifikia nyuma ya rido, jasho mpaka mu zile kalamu.

"Toka!"

"Hawajapiga, Shefu."

"Toka ivyo ivyo!"

"Bibi-arusi hatoke bila vigelegele."

"Rama, si bibi-arusi, ni we!"

"Shefu," nikasema chini ya ile kanga, na sauti yangu ilitoka mupya, sikuijua, "ndo ni mi. Na sitoke."

Akanitazama kama sanduku limeongea. Halafu akaenda mwenyewe jukwaani, na mi nikatoboa rido kwa kidole nione. "Wamama wapenzi," akaanza, "kuna tatizo?"

Mama Asha akasimama. Alichukua wakati wake, alipanga kitenge kwanza. "Donati mutoto wangu, muchezo ni muzuri. Na huyu binti anajua, Mungu amubariki. Lakini tunauliza. Mama ya bibi-arusi iko wapi?"

"Si ndo huyu?"

"Huyu ni dada yake. Tangu lini dada anatoa bibi-arusi, na mama iko hai, iko na afya, amekaa benchi ya tatu?"

Sale nzima ikageuka. Muzee Sefu alifunga macho. Shefu akakaribia ukingo wa jukwaa, akashusha sauti, lakini ile sale hata siri inarudi mara mbili. "Mama Asha, tafazali. Yule ni mwanaume. Na nyinyi wote munajua vile..."

"Tunajua," Mama Asha akasema.

"Tunajua," ikasema benchi nzima nyuma yake, wamama wale, moja moja, kama wanaitika majina.

"Tulijua mbele we hujazaliwa," Mama Asha akaendelea. "Ameshona nguo yangu ya arusi. Ameshona sanda ya mume wangu, na alilia kuliko ndugu zake. Unafikiri tunakuja hapa kutazama zile kalamu zako? Siku ya msiba tunamuita Mama Zubeda, siku ya Idi mwanaume? Mutoto hana mama, sisi hatuna kigelegele. Maliza muchezo wako na wanaume."

Na akakaa. Sitasahau kile kitu Fundi Bosco alifanya. Hakusema neno. Alinyoosha ule mukono wake mukubwa, akavua Muzee Sefu kofia, taratibu, namna anatoa miba, akaiweka juu ya goti lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Aziza alishakuwa chini. Alifungua kitenge cha Mama Zubeda mu kiuno chake, akamufunga nacho Muzee juu ya kanzu, akamushika mukono. "Mama," akasema, "twende. Watu wanangoja."

Muzee alipanda zile ngazi, moja moja. Jukwaani akasimama, akaweka kitenge sawa, akapumua. Akaangalia wale wamama toka mwanzo wa benchi mpaka mwisho. "Nyinyi wamama wa Jabe! Muna nini? Mulimeza ulimi pamoja na nyama ya Idi? Nauliza! Mutoto wangu atoke?"

Ile kigelegele ya kwanza iliruka kama mabati yanapeperuka. Miguu yangu ikataka kukimbia. Nikangoja. Nikasikia Shefu nyuma yangu anasema polepole, "Rama, Mungu wangu, si wamepiga?" Nikangoja. Na ya pili ikaja. Ilianzia kwa Mama Asha, ikapita mabenchi, ikatoka madirishani, wamama wenye walikuwa nje na masufuria wakaipokea, nafikiri ilifika mpaka soko. Ya kutaka. Nikatoka. Nikajikwaa pia, ile miguu haina dini, na Eloi akanidaka. Mu muchezo bwana-arusi anafunua kanga, anaona sura yangu, anapiga kelele, watu wanacheka. Siku ile alifunua, na hakupiga kelele. Alinitazama tu, na miwani yake ilikuwa safi, hakuigusa. Watu walipiga makofi mpaka mwalimu wa madrasa akashika mbavu. Wanasema hakuna mwanaume alishawahi kuolewa Bujumbura. Mi niliolewa mbele ya Jabe yote, na vigelegele mbili, na mama yangu wa jukwaa analia machozi ya kweli.

Muchezo ulipokwisha, tukila pilau mu sinia moja nyuma ya jukwaa, Shefu alikuja akasimama. Alisafisha koo. "Sasa Aziza tunamuweka wapi?"

"Kwani mutoto hana shangazi?" Muzee Sefu akajibu, mudomo umejaa. "Shangazi ndo anaongea kuliko wote." Na vile ikabaki, mama na shangazi, mpaka kikundi kikatawanyika. Shefu alikula na sisi. Siku ile kalamu moja ilimwaga wino mu shati yake, na Muzee akaifua.

Sitasema miaka ya mbele yake ilikuwa tamu yote. Kuna maneno yalikuja kuwa mazito mu hii inchi, kuna watu walihama, na majina mu hii kurasa nimeyavalisha kanga. Lakini wale wamama sikuwahi kusikia hata moja amegeuza lile "tunajua." Fundi Bosco alikufa wa kwanza, na Muzee alimushona nguo ya mwisho. Muzee alipokufa, vile vitambaa vya kile kitanda wamama waligawana, kila mumoja kipande. Na ile sauti ya jikoni, kule Kinindo, mulishaijua ni ya nani. Mama Asha iko na fimbo sasa, lakini sauti haitembee na fimbo.

Ile jioni ya arusi nilirudi na viatu mukononi, na brosheti mbili ndani ya karatasi. Mulango ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Ndani nikasikia mupangaji wangu anazima jiko, anatafuta miwani, anakuja. Maana mi pia niko na mupangaji, amekaa miaka, toka Gasenyi, anasomesha watoto vitabu. Nikamuambia, nikiwa bado nje, nilitoka wapi na nani amenikumbusha nini. Halafu nyuma ya mulango, yule mwanaume mwenye mvi na diploma, akapiga kigelegele, mbaya sana, kama kuku imekanyagwa. Jirani akafungua dirisha.

Mulango ukafunguka. Mi nikabaki palepale, miguu yangu pamoja, kichwa chini.

"Ingia basi," Eloi akasema. "Samaki inapoa."

Sikusogea. Akaelewa. Akacheka, akavuta pumzi, akapiga ya pili.